Mtajeni Blind Willie McTell

Juzi nilitazama video ya kijana mmoja akipiga "Statesboro Blues" jukwaani. Gitaa analijua, hilo halina ubishi. Lakini kabla ya kuanza alisogelea maikrofoni akasema, "Huu ni wimbo wa Allman Brothers," ile bendi ya roki ya Marekani, na ukumbi mzima ukashangilia. Iliniuma.

Wimbo ule ni wa Blind Willie McTell, Mmarekani mweusi, kipofu, mzaliwa wa Georgia. Aliurekodi mwaka 1928 akiwa na sauti yake na gitaa la nyuzi 12, basi. Hakuna ngoma, hakuna mpiga besi. Sikiliza kidole gumba kinavyoshikilia nyuzi nene huku vidole vingine vikimjibu kila anapomaliza mstari. Mtu wa ufundi ule aliishia kuwapigia wateja kwenye maegesho ya magari ya mgahawa mmoja Atlanta, akitegemea sarafu zao. Alifariki mwaka 1959. Allman Brothers walipoupiga kwenye ukumbi wa Fillmore East, New York, Machi 1971, alikuwa kaburini zaidi ya miaka kumi. Makofi yale hayakumfikia. Leo tunamnyima hata jina?

Haya, nakubali: Duane Allman, mpiga gitaa wa bendi ile, aliupatia. Kavaa kidoleni kichupa cha kioo cha dawa ya mafua, anakitelezesha juu ya nyuzi bila kuzibana kwenye shingo ya gitaa, na gitaa linalia kama mtu aliyefiwa. Wapiga ngoma wawili nyuma yake, mdogo wake Gregg anaimba. Siwezi kuuchoka. Ila hata Duane aliupata kwa mwanamuziki Taj Mahal, aliyeutoa mwaka 1968 huku mpiga gitaa wake Jesse Ed Davis akitelezesha nyuzi vilevile. Wimbo umepita mikono mingi, na kila mkono umeongeza chake.

Kupiga kopi si dhambi. Wanamuziki wengi wazuri wameanzia kwenye kopi. Kinachonikera ni kuanzia katikati ya safari na kumzika aliyeianza. Kijana yule amenakili solo ya Duane noti kwa noti, hadi pumziko zake, na bado sidhani kama amewahi kuisikia rekodi ya 1928. Inachukua dakika tatu tu kuisikiliza. Aisikilize, kisha safari ijayo akishika maikrofoni aseme "McTell" kwanza, ndipo aseme Allman.