Taa Zinawaka Zote, Gemu Haifunguki

Jamani, nani alipitisha kwamba keisi ikishafungwa feni nne za taa za rangi, basi ndani yake kuna kompyuta ya gemu? Nenda Kariakoo, simama mbele ya duka lenye keisi ya kioo, uliza bei tu. Papo hapo unakuwa bosi. Kwenye daladala ulikuwa "we kaka sogea nyuma", sasa hivi ni bosi. "Bosi, hii ni Core i7, RAM kumi na sita, SSD ndani, inakimbiza kila kitu."

Sasa muulize huyo ndugu: i7 ya jenereshini ya ngapi? Ghafla ana simu ya kupokea.

Maana i7 ni ukoo wa prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta, na una mababu na wajukuu. i7-2600 ni ya 2011, ina kori nne (vichwa vya kufanya kazi) na nyuzi nane (kazi inazoshika kwa mpigo). i3-12100 ya 2022 nayo ina kori nne na nyuzi nane, na inamwacha babu huyo mbali kabisa, ila kwa kuwa imeitwa i3 watu wanaiona ya kuandikia barua. Soma namba iliyo baada ya kistari. Ikiwa na tarakimu nne, ya kwanza ndiyo jenereshini: 2600 ni ya pili, 3770 ya tatu, 4790 ya nne. Ikiwa na tarakimu tano, chukua mbili za mwanzo: 12400 ni ya kumi na mbili. Na usisome kwenye stika. Stika inabandikwa na mtu, haioti yenyewe. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, jina la prosesa lipo juu kulia. Muuzaji akisema "hiyo haina haja bosi", haja ipo, tena kubwa.

Halafu kadi ya grafiksi. Hapa ndipo watu wanapolia. Kuna kadi zimeandikwa GTX 1050 Ti, boksi jipya, nailoni haijachanwa, ndani mna chipu ya GTX 550 Ti ya 2011 iliyodanganywa BIOS yake, ile programu ya ndani ya kifaa, ili ijitambulishe kwa jina la watu wengine. Windows yenyewe inaamini! Dawa yake ni programu ya bure inaitwa GPU-Z: ndogo, inakaa kwenye flashi, haihitaji kusakinishwa. Ifungue palepale dukani. Kadi ikiwa ya uongo, mara nyingi inaandika [FAKE] mbele ya jina, bila kumwonea mtu aibu. Tena angalia kipengele cha Shaders, yaani idadi ya vikokotoo vya kuchora picha: 1050 Ti halali ina 768. Kadi ya RX 580 ya AMD nayo ina ndugu wawili wenye jina moja, mmoja ana 2304, mwingine ana 2048, na huyo wa pili kiukweli ni RX 570 aliyebadilisha jina. Bei wanataka iwe ileile.

Basi watu wanakwambia, "Achana na hao, nunua Dell ya mtumba ya ofisini, chomeka kadi, mchezo umekwisha." Wazo si baya. Kwa mwenye pesa ndogo mimi naliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini wanaokushauri hawamalizii sentensi. Hizo Dell za ofisini, OptiPlex, zipo nene na nyembamba. Ile nyembamba, inayolala chini ya skrini, haipokei kadi ya kimo cha kawaida. Inataka kadi fupi yenye bati fupi la nyuma, na hizo ni chache na zinajijua kwamba ni chache. Ile nene inapokea kadi ndefu kidogo, lakini pawa saplai yake, kile kifaa cha kugawa umeme, kwa kawaida haifiki wati 300, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo kadi yako isizidi wati 75, zile zinazokula umeme kutoka kwenye sloti yenyewe: GTX 1650 isiyo na tundu la waya juu, au 1050 Ti ya halali. Ukileta RX 580 inayotaka wati 185 na waya wa pini nane, umeleta mgeni ambaye chakula chake hakipo nyumbani.

"Si nabadilisha pawa saplai tu?" Haya, ibadilishe. OptiPlex 7010 ya zamani inakubali ya kawaida, pini 24, safi. Lakini 7020 na 9020 mazabodi yake, ile bodi mama inayobeba kila kitu, ina tundu la pini nane la kwao peke yao. Unarudi Kariakoo kutafuta adapta, na adapta yenyewe kila duka linakwambia "njoo Jumatatu".

Na Windows je? Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka Intel ya jenereshini ya nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, yaani sehemu ya usalama ya kompyuta. Kuisakinisha kwa kupita mlango wa nyuma inawezekana, mafundi wanafanya kila siku, ila gemu ya Valorant ukiwa kwenye Windows 11 inadai hiyo TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), la sivyo haikufungulii. Kwa hiyo ukienda kununua ya ofisini, jikaze ufike ya nane, kwa mfano yenye i5-8500, kori sita. Ukipigwa bei, bora upunguze RAM uongeze baadaye kuliko kupunguza jenereshini, maana RAM inachomekwa, jenereshini haichomekwi.

Sasa wapo wale wa kuunga mashine wenyewe, kipande kwa kipande. Hawa nao wana maringo! Katazama video mbili, kashika bisibisi, anatuambia eti ni rahisi, kila waya una tundu lake. Ni kweli una tundu lake. Tatizo ni lile tundu ambalo huoni. Juu kabisa ya mazabodi upande wa kushoto kuna tundu la pini nane la prosesa, limejificha pembeni ya feni. Ukilisahau, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Wengi hapo wanarudisha mazabodi dukani kugombana.

Kabla ya hapo kuna vile vispesa vya shaba vya kufungia mazabodi. Usipoviweka, mazabodi inalalia bati la keisi na kupiga shoti. Ukiweka kimoja kilichozidi, mahali ambapo mazabodi haina tundu, kinagusa nyuma na kupiga shoti vilevile. Hesabu matundu ya mazabodi kwanza, ndipo ufunge. Bati la nyuma la matundu ya USB linaingia kabla ya mazabodi, si baada, na kila fundi analikumbuka baada. Kwenye mazabodi ya sloti nne, RAM mbili zinaingia sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, si mbili zilizobanana. Na nunua mbili za GB 8, siyo moja ya GB 16, kwa sababu mbili zinapitisha data njia mbili kwa pamoja, hasa kama unatumia prosesa ya AMD kama Ryzen 5 5600G ambayo grafiksi yake inakopa RAM hiyohiyo. Halafu ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili, kwani RAM ya 3200 usipoiambia kitu itatembea 2400 au 2666 bila kulalamika, na wewe utalalamika kwa niaba yake.

Kwenye prosesa, pesti ya kupitisha joto, tone la ukubwa wa punje ya njegere linatosha, feni itasambaza yenyewe. Na chini ya feni nyingine kuna plastiki nyembamba, itoe! Mashine inapanda nyuzijoto 95 dakika tano tu, mtu anasema Intel wameharibika siku hizi, kumbe plastiki bado ipo na maandishi yanamwomba aitoe. Wa Ryzen za soketi ya AM4 wawe na adabu zaidi: pini zipo kwenye prosesa. Ukivuta feni kwa nguvu ikiwa baridi, prosesa inang'oka nayo kutoka kwenye soketi na pini zinapinda. Washa mashine dakika chache ipate joto, zima, zungusha feni taratibu kushoto na kulia, ndipo uivute.

Nisiposema ya pawa saplai nitakuwa nimekula hela ya mtu. Hakuna anayejisifia pawa saplai. Hujawahi kusikia kijana anamtambia mwenzake, "njoo uone wati zangu." Pesa yote inaishia kwenye kadi na taa, halafu inabaki noti ya soda, ndiyo inanunua kitu cha kubeba vyote hivyo. Boksi limeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Geuza usome lebo, tafuta mstari wa +12V, maana prosesa na kadi vinakula hapo. Ukikuta ampia 18, zidisha kwa 12: wati 216. Zilizobaki sijui ni za kupigia pasi. Ya kweli ya 500 inakaribia ampia 40. Tena ishike mkononi. Ikiwa nyepesi mno, ndani hamna kitu.

Na kile kiswichi chekundu cha nyuma, 115 na 230, jamani! Kwetu umeme ni 230. Kikibaki kwenye 115 ukachomeka ukutani, ni pa! moja tu, na waranti ya muuzaji inakwisha kabla moshi haujafika dirishani.

Tuseme basi umekata tamaa, unataka mpya iliyoungwa tayari kiwandani au dukani. Ni haki yako. Una waranti moja na mtu mmoja wa kumkaba, na Windows mara nyingi ipo na leseni yake. Anayeunga mwenyewe ana waranti sita kwa watu sita, wawili kati yao wako Dubai, na kila mmoja anasema tatizo ni kifaa cha mwenzake. Tena tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa kwa sababu ya mashine za akili mnemba zinazimeza, hadi Micron, kampuni inayotengeneza RAM, ikatangaza Desemba 2025 kwamba inaachana na chapa yake ya Crucial ya kuuzia watu kama sisi. Kwa hiyo ukikuta mashine iliyoungwa kabla bei haijapanda, GB 32 zimo ndani, usianze ubishi wa "mimi naunga mwenyewe". Chukua.

Ila muuzaji akuandikie kwenye risiti majina matano kamili: prosesa, mazabodi, kadi, RAM ni ngapi za GB ngapi, na pawa saplai ya kampuni gani wati ngapi. "RTX" peke yake si jina, ni kama kusema unaoa mtu wa Tanga. Asiyetaka kuandika pawa saplai anajua kwa nini hataki. Na zile za makampuni makubwa, fungua ubavu kwanza: kama mazabodi ina umbo la kwao na pawa saplai ina waya za kwao, siku ikifa hutapata mbadala mtaani.

Kwangu mimi, mwenye pesa ndogo achukue ya ofisini nene ya jenereshini ya nane na kadi ya wati 75. Mwenye pesa ya kati aunge: i5-12400F au Ryzen 5 5600, theluthi moja ya bajeti au zaidi kidogo iende kwenye kadi, taa ziwe za mwisho. Mwenye pesa nyingi hatusomi sisi.

Halafu ikishawaka ndiyo kero nyingine zinaanza. Skrini nyeusi? Umechomeka HDMI kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi, na 12400F haina grafiksi yake yenyewe, hiyo F ndiyo maana yake. Umeme nao: mashine ikila wati 350 kwa saa nne, ni uniti 1.4 kwa siku, uniti 42 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye tarifu ya nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, kompyuta imemaliza zaidi ya nusu, na mama anaituhumu friji. UPS, ile betri ya akiba, ikiwa ya 650VA haimaanishi wati 650. Nyingi zinatoa kati ya 325 na 390. Inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Mechi iko dakika ya 88, umeme umekatika, wewe unataka UPS ikufikishe penalti!

Na gemu yenyewe ni zaidi ya GB 100. Kwa bando la wiki? Thubutu. Nenda kwa mwenzako mwenye faiba, nakili folda ya gemu ya Steam (duka la gemu la mtandaoni) kutoka steamapps, ndani ya common, iweke palepale kwenye mashine yako, halafu bonyeza Install kwenye Steam: itakagua mafaili yaliyopo na kushusha yanayopungua tu. Hata disi ya kubebea iwe imefomatiwa NTFS au exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, itakataa ikiwa imefika asilimia 97, na mwenzako ameshaanza kuaga anakwenda kazini.