Shangazi juu ya keria

Nimeitazama National Lampoon's Vacation mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mgeni Houston, bado nalala kwenye kochi la rafiki, nikacheka hadi mbavu zikauma. Mara ya pili niliitazama na mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Same, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Kwa asiyeijua: ni filamu ya mwaka 1983. Chevy Chase ni Clark Griswold, baba wa Chicago aliyeamua kuipeleka familia California kwa gari, zaidi ya kilomita 3,000, kwenye bustani ya michezo iitwayo Walley World. Mkewe anaona heri wapande ndege. Baba hataki, anataka njia yenyewe iwe raha. Basi wanapotea, wanaibiwa vifuniko vya magurudumu, wanaishiwa hela, gari linaruka jangwani Arizona, na wakifika wanakuta pamefungwa wiki mbili kwa matengenezo. Clark anachanganyikiwa, ananunua bunduki ya kuchezea na kumlazimisha mlinzi awafungulie.

Nilipokuwa kochini nilimwona Clark mpumbavu. Sasa nina watoto wawili na kazi, namwelewa mno. Sheria ya taifa hapa Marekani haimlazimishi mwajiri kumpa mfanyakazi hata siku moja ya likizo yenye malipo. Ni makubaliano yenu. Mimi nina siku 10 kwa mwaka. Ukiwa na siku 10, raha inakuwa kama mzigo wa kufikisha kwa tarehe. Nilipanga safari yetu ya Orlando, kilomita kama 1,550, kwa saa na dakika: hapa tunakojoa, hapa tunakula, hapa mnafurahi.

Nyumbani Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo. Lakini baba yangu, ambaye likizo alikuwa nazo, sikumbuki azitumie kwa raha hata mwaka mmoja. Alienda kuezeka, kuzika, kuoza, kusuluhisha kesi ya mpaka wa shamba. Hatukuwahi kusafiri kwenda mahali tusipokuwa na ndugu. Ungemwambia unaenda kulala kwa watu usiowajua na kuwalipa, angekuuliza umegombana na nani.

Sasa safari yetu. Tulikuwa tumeipita Lake Charles, hatujafika Lafayette. Taa ya betri ikawaka, usukani ukawa mgumu kama wa trekta, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikaegesha pembeni. Kufungua boneti, mkanda umekatika, umejisokota kule chini kama nyoka aliyegongwa.

Mama akauliza kama mke wangu hana soksi ndefu. Watu wa rika lake wamefika Moshi kwa fani belti ya soksi. Nikamwambia magari ya siku hizi hayakubali. Akanyamaza, akashuka, nikadhani ananyoosha miguu. Kugeuka namwona ng'ambo ya mtaro, khanga imekazwa kiunoni, anavunja matawi.

Aliyepita njia ya Segera haambiwi. Gari likiharibika, matawi yanalazwa nyuma yake, moja mbali, jingine karibu, ili anayekuja apunguze mwendo. Mama aliyapanga kwa ustadi kwenye ukingo wa barabara kuu ya I-10, Louisiana, ambako malori yanapita kilomita 110 kwa saa na kila moja likipita gari letu linayumba. Alipomaliza akasimama kando yangu, akapangusa mikono, akaanza kuhesabu magari yanayopita. Kwenye mia mbili akaacha.

"Hawa watu hawatuoni?"

Wanatuona, mama. Wanajua tuna simu. Na kweli tulikuwa nayo: programu ya bima ilinihakikishia kwamba fundi yuko njiani, na kidoti chake kwenye ramani hakikusogea kwa saa nzima. Askari wa barabara kuu alisimama, mpole kabisa, akauliza kama watoto wana maji. Kisha akayatazama matawi, akanitazama mimi. Nikamweleza. Akasema ni wazo zuri ila tuyaondoe. Mama alipotafsiriwa alikubali bila ubishi, lakini tawi moja akalitia kwenye buti.

Gari la kuvuta lilifika baada ya saa mbili na dakika ishirini. Dereva wake ndiye mtu pekee, ukiacha yule askari, aliyezungumza nasi siku ile, na yeye alikuwa analipwa.

Niliporudi Houston nikaitafuta ile filamu, nikijua mama atacheka, maana tulikuwa tumeishi nusu yake. Kwanza niseme kitu kuhusu vichekesho vya aina hii, kwa sababu wenzangu hapa wanadhani vinachekesha popote. Vinahitaji barabara iwe tupu. Angalia Little Miss Sunshine ya mwaka 2006: familia ya watu sita, kigari cha njano cha Volkswagen, klachi imekufa. Kila wakitaka kuondoka wanakisukuma mpaka kishike kasi, halafu wanarukia mlangoni mmoja mmoja. Utamu wote uko pale kwamba watu wasiopatana hawana mwingine wa kuwasukumia.

Jaribu kuitengeneza filamu hiyo Mombo. Kabla baba hajamaliza kusema "shukeni tusukume", nyuma ya Noah kuna vijana wanane wa bodaboda, muuza machungwa anatoa maelekezo, mmoja ameshaingiza mkono kwenye injini bila ruhusa, na mama nisiyemjua amembeba mtoto wangu. Filamu imeisha dakika ya kumi. Au inageuka ya baba anayetafuta hela ya soda za watu wanane ilhali hakumwomba hata mmoja.

Sitaki kupaka asali, maana ugenini mtu husahau upesi. Umati ule una gharama zake. Korogwe tuliwahi kupata fundi wa hiari aliyefungua vitu vitatu, akafunga viwili, bolti moja ikabaki mkononi mwake, akatuambia tusiijali. Kila mpita njia alikuwa na ugonjwa wake wa gari letu: mmoja rejeta, mmoja pampu, mwingine akauliza kama tumeaga vizuri tulikotoka. Baba alitaka dakika tano za kufikiri peke yake, hakuzipata. Kwenye I-10 mimi nilikuwa na saa mbili za kufikiri, na wala hazikunisaidia kitu.

Basi tukakaa sebuleni. Sehemu zile ambazo huwezi kutazama na mzazi nilizirusha kwa rimoti. Clark alipopotea njia mama aliziba mdomo kwa khanga, machozi yanamtoka, anasema "huyo ni wewe kabisa". Tukafika Kansas, kwa Eddie, mume wa binamu yake mke wa Clark. Eddie anamwomba Clark amsaidie hela kidogo. Kiasi gani? Dola 52,000. Mtazamaji wa hapa anaangua kicheko, ndugu hana haya. Mama hakucheka.

"Si shemeji yake huyo? Sasa amwombe nani?"

Nikaitazama simu yangu kwa jicho la pembeni. Kulikuwa na jumbe tatu za "shikamoo anko" tangu alfajiri, na shikamoo ya alfajiri haijawahi kuja peke yake.

Kisha akina Griswold wanapewa Aunt Edna, wamfikishe Phoenix, Arizona. Nikatafsiri "shangazi". Mama akataka kujua ni shangazi wa nani, upande wa baba ama wa mama, maana kama ni wa mama huyo si shangazi. Kiingereza kina neno moja kwa wote, nikamwambia. Akasikitika kidogo kwa niaba yao.

Edna anafia kwenye kiti cha nyuma. Wanamfunika, wanamfunga juu ya keria pamoja na mizigo, safari inaendelea. Phoenix hawamkuti mwanawe. Wanamwacha kwenye kiti nje ya nyumba, mvua inanyesha, wanaondoka kuwahi Walley World.

"Simamisha."

Nikasimamisha.

"Amekufa?"

"Ni mchezo, mama."

"Najua ni mchezo. Ndani ya huo mchezo, amekufa?"

"Amekufa."

"Na hawarudi?"

Mtu atasema mama haelewi mzaha. Anauelewa kuliko mimi. Bibi alipofariki Dar tulimsindikiza Same usiku kucha, Coaster mbili nyuma ya gari lililombeba, na safari ile ilikuwa na vituko kuliko filamu yoyote. Coaster ya pili ilipata pancha, jeki ikawa kwenye ya kwanza. Anko mmoja alishuka kujisaidia kituo cha mafuta, tukamkumbuka kilomita arobaini mbele. Alipotufikia kwa lori la saruji, mweupe kuanzia nywele hadi viatu, wanamaombolezo walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na mama ndiye aliyeanza. Lakini bibi alikuwa mbele, sisi nyuma yake, na ratiba yote ilikuwa ni yeye. Kinachochekesha kwa akina Griswold ni kwamba ratiba ya baba haikubadilika.

Hapo nikaona nimekaa pabaya. Sisi wa huku tuna kundi la WhatsApp ambalo hukaa kimya miezi, likilia asubuhi mapema unajua ni mchango wa kusafirisha mwili. Tunachanga, tunalalamika kidogo, tunachanga tena, mwenzetu anapaa. Mara ya kwanza nilipoitazama filamu hii nilikuwa abiria wa kawaida humo ndani. Safari hii nilijikuta nikimtazama Edna, nikihesabu watu ninaowafahamu Houston na siku ngapi za likizo kila mmoja amebakiwa nazo.

Mama alilala kabla ya Walley World. Asubuhi akauliza iliishaje, nikamwambia walikuta pamefungwa. "Hawakupiga simu kwanza?" Hilo likamuudhi kuliko bunduki.

Jioni nikamsikia jikoni, simu kwenye spika, anamsimulia mama mdogo aliyeko Same. Alianza vizuri, Chicago, gari la kijani, baba mbishi. Kuanzia Arizona filamu ikabadilika. Shangazi alipofariki baba alizima gari. Wakapiga simu Kansas, ndugu wakaja na Coaster, mama akawapa watoto chai, shangazi akazikwa siku ya pili saa nane mchana. Ile bustani wataenda mwaka mwingine.

Mama mdogo akauliza kama rambirambi zilitosha.

"Zilipungua kidogo," mama akasema. "Yule shemeji wa Kansas akaongezea."