Bia nayo ni pombe, tuangalie kipimo

Kuna mwandishi kaandika kuwa bia haina neno, hatari ni pombe kali. Hapana, ndugu yangu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi tupu. Glasi ya mvinyo ya mililita 150, asilimia 12, ina 18. Toti ya mililita 30, asilimia 40, ina 12 tu! Ila huku Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nani anapima toti? Kijana wa dagaa anapiga kichupa cha mililita 200, asilimia 35, kabla injini haijawashwa. Hizo ni 70, karibu bia tatu, kwa dakika tano. Mdogo wangu alipanda mtumbwi hivyo, jaketi la kuokolea kalifanya mto wa kulalia. Sikupata usingizi mpaka aliporudi alfajiri.