Biblia ya kujifunzia: fungua maelezo kabla ya kuulizia bei

Malipo ya korosho yakishaingia, walimu wa Shule ya Jumapili, makatekista na wainjilisti wengi wa Mtwara na Lindi ndipo wanapopata nafasi ya kununua Biblia ya kujifunzia. Kwa bahati mbaya macho huanza na jalada: ngozi, zipu, kingo za dhahabu. Fedha yote ile inalipia maelezo yaliyo chini ya ukurasa, na hayo unaweza kuyapima palepale dukani.

Kwanza tafsiri. Kama unafundisha, chukua tafsiri ileile waliyoishika wasikilizaji wako. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yanasoma Union, iliyotoka kamili mwaka 1952. Ukisimama mbele yao na Habari Njema, kipindi kitaishia kwenye "mbona kwangu imeandikwa tofauti?" Habari Njema iwe ya pili, ya nyumbani, maana Kiswahili chake chepesi kinafungua vizuri nyaraka za Paulo. (Kazi hii ya kutafsiri ina historia na huku kwetu: Edward Steere, askofu aliyewaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, ndiye aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiunguja, miaka mingi kabla ya Union.) Mkatoliki ahesabu vitabu, viwe 73. Yenye 66 haina Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku wala vile viwili vya Wamakabayo, na masomo ya Misa hutoka humo pia.

Sasa fungua Mathayo 20, wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Maelezo ya maana yatakuambia kwamba dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa, kwa hiyo aliyeajiriwa saa kumi na moja alipewa chakula kamili cha familia yake. Mtu aliyewahi kusubiri kibarua cha palizi kwenye mikorosho anaelewa papo hapo. Lakini kama maelezo yanahangaika kukufafanulia saa hizo ni saa ngapi, ujue yameandikwa kwa ajili ya Mzungu kisha yakatafsiriwa bila kufikiriwa. Sisi tunahesabu saa kama walivyohesabu watu wa nyakati za Yesu, tangu jua linapochomoza. Maelezo ya namna hiyo yatakula nafasi kwa mambo unayoyajua na kukuacha na yale usiyoyajua.

Nenda Marko 16:9-20. Sinaiticus na Vaticanus, nakala mbili za Biblia ya Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono katika karne ya 4, zinaishia mstari wa 8. Maelezo ya kweli yanalisema hilo wazi. Yakinyamaza, mwanafunzi wako atalisikia kwingine na kudhani ulimficha.

Malizia na Ufunuo 20, ile miaka elfu. Hapa ndipo utamjua mwandishi. Je, anasema wapo wanaoelewa hivi na wapo wanaoelewa vile, au anatamka msimamo wake kana kwamba ni sehemu ya mstari? Maelezo ya Mmarekani Scofield, yaliyotoka mwaka 1909, yaliligawa Neno katika vipindi saba vya historia, na mpaka leo wapo wahubiri wanaoyafundisha wakiamini wanafundisha Andiko lenyewe. Msimamo si kosa. Kosa ni kutokujua kwamba ni msimamo. Soma dibaji uone ni kanisa gani au watu gani walioandaa, na ukiwa darasani sema "mwandishi wa maelezo anasema", usiseme "Biblia inasema".

Zile nene za Kiingereza zina utajiri mkubwa, lakini kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha utafundisha nusu ya ulichokisoma. Afadhali ya Kiswahili yenye marejeo ya pembeni (yanayokupeleka kwenye mistari mingine), itifaki (orodha ya maneno na mistari yalimo) na ramani, hata kama maelezo yake ni mafupi. Fuata rejeo moja mpaka mwisho kabla ya kununua: mengine hukupeleka kwenye mstari usiohusiana kabisa.

Umbo nalo lina uzito wake. Shika kitabu umbali wa mkono, mbali na taa kali ya dukani, uone kama maandishi ya maelezo yanasomeka, kwa sababu ndiyo madogo kuliko yote na jioni utayasoma kwa taa ya sola. Tazama mgongo kwa juu: ukiona karatasi zimekunjwa vitita vitita na uzi katikati, imeshonwa. Iliyogandishwa kwa gundi tupu, kwa joto na unyevu wa pwani, itaanza kuachia kurasa za Mwanzo. Karatasi ni nyembamba, wino wa kalamu hupenya upande wa pili, kwa hiyo pigia mstari kwa penseli. Wakati wa masika usiifunge kwenye mfuko wa nailoni wala kuiegemeza ukutani, itaota ukungu. Ikilowa, isimamishe kivulini kurasa zikiwa wazi, na usiianike juani, maana jalada litajikunja na gundi itakatika.