Mama wa watu anaimbishwa wimbo wa taifa, fuso la nyuma linapita

Ijumaa nimetoka Namanga na noah kurudi Arusha, tumebanana kama kawaida, pembeni yangu kakaa mama mmoja wa Kisomali wa pale Kaloleni, mtu mzima kabisa, mapajani ana mfuko wa madira ya kuuza na chupa ya chai. Tukafika kizuizini. Kijana mwenye sare akachungulia dirishani, macho yakatupita wote yakatua kwake. "We mama, shuka." Hata shikamoo hakuna, na yule ni umri wa bibi yake.

Akatoa kitambulisho cha taifa. Kijana akakigeuza mbele nyuma, akakwangua kwa ukucha pale kwenye picha, akamuuliza mwenyekiti wa mtaa wako nani, shule ya msingi ulisoma wapi, halafu akamwambia aimbe wimbo wa taifa. Akaimba jamani. Pembeni ya lami, mtandio unapigwa na upepo wa malori, na ubeti wa pili sauti ikakatika akaanza kulia. Baba yake alikuwa anauza ng'ombe hapa Arusha kabla ya uhuru!

Na wakati anaimba, nyuma yetu kulikuwa na fuso, turubai limefungwa mpaka chini. Dereva hakushuka. Mkono ulitoka dirishani ukarudi ndani, kamba ikashushwa, likapita. Sijui lilibeba nini, labda vitunguu tu, lakini yule kijana naye hajui, na hicho ndo kinachoninyima usingizi.

Msinielewe vibaya, mi ugaidi siuchukulii kama stori ya kwenye redio. Mei 2013 bomu liliporushwa kanisani Olasiti, siku ya uzinduzi wa parokia, nilikuwa mjini hapa hapa, mdogo wangu alikuwa ameenda huko na kwaya na simu yake haishikiki saa nzima. Watu watatu walikufa. Mwezi uliofuata likaja lingine viwanja vya Soweto kwenye mkutano wa kampeni. Kwa hiyo nikisikia mtu anataka sheria ya uhamiaji ikazwe namuelewa. Ila tukaze wapi?

Maana tuangalie waliotuumiza. Bomu la ubalozi wa Marekani Dar, Agosti 1998, watu 11 wamekufa, na kati ya waliofungwa maisha kule Marekani kwa kesi ile wapo Watanzania wenzetu. Shambulio la chuo cha Garissa kule Kenya 2015, watu 148 wamekufa, na mmoja wa waliohukumiwa ni kijana wa Kitanzania. Hao wote ungewasimamisha pale kizuizini wangeimba vizuri tu na usingeona kitu usoni. Fazul, yule wa al-Qaeda aliyetafutwa tangu mabomu ya 1998, alipouawa Mogadishu mwaka 2011 alikutwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina la uongo. Wale 19 wa Septemba 11 waliingia Marekani na viza. Yaani hawa watu wanapita na karatasi, na karatasi ya uongo au gari lisilofunguliwa lina mtu nyuma yake aliyepokea hela.

Mabadiliko ya sheria ninayoyataka ni hapo. Sheria ya kuzuia ugaidi tunayo tangu 2002. Iandikwe wazi kabisa kwamba anayeuza hati, au anayefungua kizuizi kwa hela bila kukagua, kilichopita kikiua watu na yeye anasimama kizimbani pamoja na aliyeua. Asiishie kuhamishwa kituo. Na mtu akishaonyesha kitambulisho halali, uhakiki ufanyike kwenye mfumo, maswali ya kumdhalilisha yapigwe marufuku kwa maandishi.

Kukaguliwa kwenyewe sikatai, sawa, wakague, mi mwenyewe wanipekue. Holili wamejenga kituo cha pamoja cha mpakani, sisi na Wakenya, 2016, Namanga 2018, foleni imepungua, hilo nakubali. Lakini mpaka si geti la Namanga peke yake. Panda Rongai, panda Tarakea, mtu shamba lake huku binamu yake kule, na Mmasai anafuata majani yalipo. Njia za panya zile huwezi kuziba zote, hata ulete askari wangapi. Anayemuona mgeni wa kwanza ni kijana wa bodaboda na mama anayeuza ndizi sokoni, na hao watakwambia kama wanakuamini. Ukimdhalilisha mmoja leo umewanyamazisha ukoo mzima. Wakenya Aprili 2014 walikusanya Wasomali kwa maelfu wakawajaza uwanja wa Kasarani, wakina mama na watoto, na mwaka uliofuata Garissa ikatokea vile vile.

Yule mama alirudi ndani ya gari baada ya kama dakika ishirini. Kimya. Hakuna aliyempa pole, hata mimi, na naumia kusema hivyo. Tumeshapita Longido ndo akanigeukia, taratibu, "Mwanangu, lile fuso uliliona?"

Nikamwambia nimeliona mama.

"Namba zake ninazo kichwani. Sasa nimwambie nani?"