Theluji ya Mwanga

Tangu lini pamba ya dukani ikawa theluji? Nauliza tu. Nina miaka arobaini na mbili hapa Mwanga, Kigoma, na barafu niliyowahi kuiona ni ya soda iliyogandia kwenye friji kule Kibirizi. Lakini kila Desemba sebule yangu lazima iangukiwe na theluji. Na ya mwaka huu ina mavi ya panya.

Ni amri ya mama watoto. Kaenda sokoni kuulizia riboni mpya, katajiwa bei, karudi kimya kama katoka msibani. Akavuta boksi la mapambo ya Krismasi uvunguni, lile lile. "Baba, mwaka huu hatununui. Haya tunayafufua." Tunayafufua! Kufufua si mambo ya Pasaka?

Haya. Mimi mtu na heshima zangu, kanisani benchi la pili, nikakunja suruali nikakaa chini. Riboni zimepauka mpaka nyekundu na ya dhahabu zimekuwa mapacha. Mti ni tawi la mvinje. Nyota imekatwa kwenye boksi la biskuti, kwa hiyo Mamajusi wanaongozwa na neno "glukosi". Ile mipira ya kung'aa binti yangu kaisugua kwa mawese. Iling'aa, sikatai. Sisimizi nao wakaja kwa foleni, wana adabu kuliko sisi tunavyopanda meli.

Hayo si kitu. Kuna taa.

Nikazipeleka kwa fundi redio, pale chini ya mwembe. Kazivaa shingoni kama rozari, kafumba jicho moja. "Mzee, hizi zimeungwa mfululizo. Ikifa globu moja, ukoo mzima gizani."

"Iliyokufa ni ipi?"

"Ndiyo tunayoitafuta."

"Si uiruke tu, uunge waya?"

Akanitazama kwa huruma. "Umeme wa ukutani volti 230, globu 20. Kila moja inakula 11 na nusu. Nikiruka waliokufa, waliobaki watagawana shibe ya marehemu. Watapasuka."

Basi akachukua globu moja nzima, akawa anaichomeka tundu moja baada ya jingine: anachomoa ya zamani, anaweka hiyo, anawasha, giza, anarudisha. Ya kwanza. Ya pili. Mimi nimesimama juani nahesabu kama karani wa kura. Ya kumi na tatu, akaja kijana na simu iliyoingia maji. Fundi akaweka globu mbili mezani, akaifungua simu, akaipuliza, wakabishana bei, wakacheka, wakakumbushana mechi ya Jumapili. Akarudi kwangu, akazitazama zile globu mbili.

"Mzee, ile nzima ni ipi?"

Unaniuliza mimi? Mimi ndiye fundi? Tukaanza upya. Kumbe iliyokufa ni ya ishirini, ya mwisho kabisa. Elfu tano. Nikamwambia angeanzia mkiani angemaliza saa nne asubuhi. Akaniambia, "Mzee, mkia ni upi?"

Jioni nikachomeka. Zikawaka! Watoto wakapiga vigelegele, mama watoto akaniita "fundi wangu", nikakaa kwenye kochi nikanyoosha miguu kama mkuu wa mkoa. Dakika tatu. Giza.

Jamani. Tukazitikisa. Tukazipapasa moja moja gizani, nazo bado zina moto. Nikamtukana fundi na mwembe wake. Nikaanza kuchomoa globu, nazitia mfukoni, nikafika ya tisa, ndipo jirani akapita dirishani akiuliza, "Na ninyi umeme umekatika? Mtaa mzima huo."

Nina globu tisa mfukoni na sijui ipi ilitoka wapi. Lakini hilo niliache kwanza. Huyo jirani alikuwa anamulika kwa tochi, na kwenye mwanga wake nikaiona: kitako cheusi, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Tochi yangu! Aliiazima Pasaka, "nakurudishia kesho, kaka."