Magunia saba ya mahindi na shilingi mia tatu za SHIF

Ukitaja zaka, sadaka ya lazima ya Waislamu, kuwa ina funzo kwa kodi zetu mbele ya watu wanaojadili kodi hapa Kisumu, utaambiwa upesi kwamba Kenya haina dini ya taifa. Ni kweli, ibara ya 8 ya Katiba imemaliza hilo. Utaambiwa pia kwamba zaka haijengi barabara. Kweli tena: wanaostahili kuipokea ni makundi manane yaliyotajwa katika Kurani, mafukara na maskini wakitangulia.

Lakini wanaobisha hivyo hutazama asilimia 2.5 tu, ile inayotolewa kwenye fedha. Nisabu, kile kiwango ambacho mali isipokifikia haitozwi, hawaigusi. Fedha iliyotimiza mwaka mkononi ndiyo hutozwa, tena ikifikia thamani ya dhahabu gramu 85. Mahindi nayo yana nisabu yake, takriban kilo 653. Mkulima wa Mumias aliyevuna magunia sita ya kilo 90 hadaiwi hata debe. Akivuna manane kwa mvua ya Mungu, hutoa sehemu ya kumi. Anayegharimia maji ya kunyunyizia shamba hutoa nusu ya hiyo, yaani gharama ya mzalishaji imehesabiwa kabla ya mkono wa mtozaji kufika.

Sasa njoo kwa SHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, unaotoza asilimia 2.75 ya mapato. Muuza omena wa Kibuye, asipoorodheshwa miongoni mwa wasiojiweza, hawezi kutozwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa za mwaka mzima kwa mkupuo. Ndipo ukaja mpango wa mkopo, Lipa SHA Pole Pole, SHA ikiwa mamlaka inayosimamia mfuko huo. Mtu akope ili achangie!

Mtetezi wa SHIF atasema hii ni bima, na mchangiaji hutibiwa kwayo. Ana hoja. Zaka pia si ngumu kukwepa: Pakistani ilipoanza mwaka 1980 kuikata kwenye akaunti za benki, wengi walizoea kutoa akiba zao kabla ya Ramadhani kuandama. Sipendekezi serikali yetu iikusanye.

Kinachonikera ni kwamba kanuni yenyewe, ya kutomtoza asiyefikia kiwango, serikali inaijua. Mshahara wa shilingi 24,000 haulipi kodi ya mapato. Mshahara huohuo hukatwa SHIF tangu shilingi ya kwanza, kisha asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba za bei nafuu, na ibara ya 201 inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki.